Kufunika injini ili isipoe: unachopata na unachopoteza

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, naishi Njombe mjini. Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni kilomita nne. Natoka saa moja asubuhi, narudi saa saba kula, saa nane niko shuleni tena, saa kumi na moja jioni narudi nyumbani. Juni na Julai huku ni baridi kali, na gari linakula mafuta kuliko nilipokuwa Morogoro. Mdogo wangu anaishi Edmonton, Kanada, ananiambia huko watu wanafunika injini kwa blanketi maalumu ili isipoe. Dukani nimeona pamba ya glasi yenye foili. Nikiizungushia injini pande zote na kuziba nusu ya rejeta kwa boksi, nitaokoa mafuta? Kuna madhara?

Jibu: Salama, Mwalimu. Nianze na jibu lenyewe: usiifunge injini hiyo kwa pamba ya glasi, na boksi la rejeta liache kabisa. Ila wazo lako kwamba ubaridi wa injini ndio unaokula mafuta ni sahihi, tatizo ni dawa uliyoichagua. Joto unalotaka kulitunza lina thamani kwa dakika chache za mwanzo wa kila safari, na gari lako lilitoka kiwandani na kifaa cha kuishughulikia kazi hiyo hiyo, yaani thamostati, vali inayozuia maji yasiende rejetani mpaka injini ipate moto. Wasiwasi wangu mkubwa ni kwamba kifaa hicho hakimo tena. Nitakifikia, lakini kwanza tupige hesabu, kwa sababu bila hesabu utabaki na neno langu dhidi ya neno la mdogo wako.

Injini ikiwa ya baridi, petroli inayonyunyizwa na nozeli haigeuki mvuke vizuri. Sehemu yake inabaki matone na kulowanisha kuta za silinda. Kompyuta ya gari inalijua hilo, hivyo inaongeza mafuta makusudi ili kinachobaki hewani kitoshe kuwaka. Wakati huo huo oili ni nzito. Oili ya 5W-30 kwenye nyuzi joto 40 ina mnato mara tano au sita ya ule iliyonao kwenye nyuzi 100, na asubuhi ya Julai huko Njombe haianzii nyuzi 40, inaanzia chini sana ya hapo. Nguvu ya kuisukuma inatoka kwenye tenki lako. Oili ya gia boksi nayo ni hivyo hivyo. Kisha kuta baridi za silinda zinanyonya joto la mlipuko ambalo lingesukuma pistoni.

Idara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba gari la petroli mjini, hewa ikiwa nyuzi 7 chini ya sifuri, linakwenda umbali pungufu kwa takriban asilimia 15 kwa kiasi kile kile cha mafuta, ukilinganisha na siku ya nyuzi 25. Kwa safari fupi za kilomita tano au sita upungufu unaweza kufika asilimia 24. Njombe haina baridi ya namna hiyo, lakini safari zako ni fupi kuliko hizo, kwa hiyo na wewe umo kwenye kundi linaloumia.

Sasa tuone joto lenyewe ni kiasi gani. Chukulia injini yako na vifaa vyake ni kilo 100 za chuma na alumini, ina lita tano za maji na lita tatu na nusu za oili. Kuipandisha kutoka nyuzi 8 hadi nyuzi 85 kunahitaji megajuli 6 hadi 7. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 hivi. Maana yake joto lote lililohifadhiwa ndani ya injini iliyokwisha kupata moto ni sawa na nishati ya moja ya tano ya lita. Na hata hiyo moja ya tano si hasara yako yote, kwa sababu sehemu kubwa ya joto hilo injini ingelitupa kwa vyovyote vile. Ipime kwa upande wa pili: gari linalotumia lita 8 kwa kilomita 100 linatumia karibu lita 0.32 kwa kilomita nne. Ukiongeza robo kwa ajili ya baridi unapata lita 0.08. Huo ndio ukubwa wa kitu tunachokigombania kila unapowasha gari la baridi, yaani kama theluthi ya kikombe.

Blanketi haliongezi joto. Linachelewesha tu kupoa, na hapo ratiba yako ndiyo inayoamua. Ukifika nyumbani saa kumi na moja jioni na kuwasha tena saa moja asubuhi, gari limelala saa 14. Injini ndogo ya petroli, hata iliyofunikwa vizuri, haivuki saa 14 za baridi ikiwa na joto la maana. Kwa hiyo safari ya asubuhi, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote, blanketi linaigusa kidogo sana. Chakula cha mchana unasimama chini ya saa moja, na injini iliyo wazi bado ina moto wa kutosha, basi huko nako hakuna cha kuokoa. Zinabaki saa sita za asubuhi shuleni na saa tatu za alasiri. Hizo ndizo safari mbili ambazo blanketi lingekufaa kidogo. Zidisha sehemu ya lita 0.08 kwa safari mbili kwa siku za shule za baridi, halafu linganisha na bei ya pamba na foili, na hatari nitakazozitaja. Mimi siioni faida.

Jambo jingine ambalo watu wengi hawalifikirii ni kwamba joto jingi la injini halitokei pembeni. Kati ya nishati yote ya petroli, karibu robo hadi theluthi inageuka kazi. Theluthi nyingine hivi inatoka na moshi. Kinachobaki kwa sehemu kubwa kinachukuliwa na maji kwenda rejetani, na kinachovuja kupitia ngozi ya injini ni kiasi kidogo. Gari likishapata moto, thamostati inafungua, na joto lolote ambalo pamba imelizuia pembeni linatolewa na rejeta. Kwa hiyo ukienda Iringa, blanketi lako halijaokoa hata tone. Limeongezea feni kazi.

Mdogo wako hakukudanganya. Edmonton usiku wa Januari hewa inaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Huko swali la kwanza asubuhi ni kama gari litawaka. Betri kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inabaki na karibu nusu ya nguvu yake ya kupiga stata, wakati oili iliyoganda inadai nguvu zaidi. Kwa sababu hiyo magari ya huko yana hita ya umeme ndani ya injini, yenye wati 400 hadi 1,000, na waya wake unaning'inia mbele ya bampa. Hita ya namna hiyo ilipewa hataza mwaka 1949 kwa jina la Andrew Freeman wa Grand Forks, North Dakota, Marekani. Maegesho mengi ya kaskazini yana soketi za umeme kwa kazi hiyo. Blanketi linakuja juu ya hita, kuzuia joto la umeme uliolipiwa lisipotee kabla ya asubuhi. Ukiiondoa hita, faida kubwa ya blanketi imeondoka nayo. Warusi nao wana mablanketi ya injini, na wanayatumia kwa baridi ya namna hiyo hiyo.

Hata watengenezaji wa magari wamelifanyia kazi hili, na ukiangalia walivyofanya utaona ugumu uko wapi. Toyota Prius ya kizazi cha pili iliyouzwa Marekani kuanzia matoleo ya 2004 hadi 2009 ilikuwa na chupa ya chuma cha pua yenye kuta mbili na ombwe katikati, kama chupa ya chai. Gari likizimwa, pampu ndogo ya umeme ilihifadhi humo kama lita tatu za maji ya moto ya injini, na yaliweza kukaa na moto hadi siku tatu. Kabla injini haijawaka tena, maji hayo yalirudishwa kwenye silinda hedi. Angalia akili iliyotumika: hawakuifunga injini yote. Walichukua maji peke yake, wakayaweka kwenye chombo kinachozuia joto kuliko pamba yoyote, na wakayarudisha mahali petroli inapohitaji kugeuka mvuke. Lengo kubwa lilikuwa kupunguza moshi mchafu wa dakika za kwanza. Kizazi kilichofuata kiliiacha chupa hiyo na badala yake kikaanza kuvuna joto la moshi kuyapasha maji. Chupa, pampu na vali yake ni mzigo na gharama.

Baadhi ya watengenezaji wa Ulaya wanafunika injini kwa maboksi ya povu gumu, na kwenye dizeli sehemu ya sababu ni kelele. Lakini wanaofunika hivyo wanapitisha njia maalumu ya hewa kwenda kwenye alternata, wanapima joto la kila sensa, na mbele ya rejeta wanaweka vifuniko vinavyofunguliwa na kompyuta joto likipanda. Blanketi la kujifungia mwenyewe halina jicho wala mkono wa kujifungua.

Kuna waliojaribu kwenda hadi mwisho wa wazo hili, nami nalipenda sana somo lao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Cummins na maabara ya magari ya Jeshi la Marekani, wakiongozwa na Roy Kamo na Walter Bryzik, walitengeneza injini ya dizeli isiyopozwa. Hakukuwa na rejeta, maji wala feni, na sehemu za ndani zilikingwa kwa vifaa vya kauri. Waliiweka kwenye lori la jeshi la tani tano na likatembea. Matumaini yalikuwa kwamba joto ambalo zamani liliishia rejetani lingegeuka nguvu. Sehemu kubwa yake haikugeuka, ilitokea kwenye moshi. Ili kuipata ilibidi kuongeza tabo (kifaa kinachozungushwa na moshi ili kisukume hewa ndani ya injini) na tabini nyingine, yaani gurudumu la kuzungushwa na moshi, iliyounganishwa na mtaimbo wa injini. Kuta zilizopata moto kupita kiasi zikapasha hewa inayoingia, ikatanuka, silinda ikajaza hewa pungufu. Na kupata oili ya kuhimili moto ule ulikuwa mtihani mkubwa. Ukilizibia joto njia moja linatafuta nyingine, na hiyo nyingine mara nyingi si ile unayoitaka.

Kwenye IST yako, hiyo njia nyingine ni vitu vilivyo chini ya boneti. Fungua boneti uangalie juu ya injini. Ukitoa kava la plastiki utaona koili nne, kila moja imekaa moja kwa moja juu ya plagi yake. Hazina maji ya kuzipoza, zinategemea hewa inayopita. Blanketi lako lingetua juu yake. Ukizima gari, pampu ya maji inasimama, upepo unakata, na sehemu zenye moto mkali zinamwaga joto lake kwa majirani. Kwa muda baada ya kuzima, chini ya boneti panakuwa na joto kuliko lilipokuwa linatembea. Magari yameundwa kuvumilia kipindi hicho kwa sababu ni kifupi, na blanketi linakirefusha makusudi. Kanuni ya jumla ya kemia ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, uchakavu wa mpira, plastiki na betri unaenda karibu mara mbili. Betri yako iko humo humo, na mipira ya maji, soketi za sensa na insulesheni ya nyaya pia.

Kuhusu hewa inayoingia kwenye injini niwe mkweli, maana mambo ni pande mbili. Ukitembea taratibu kwenye tambarare, hewa vuguvugu inasaidia kidogo. Magari mengi ya zamani ya kabureta yalikuwa na bomba la kuvuta hewa iliyopashwa na ekzosi asubuhi. Lakini ukipanda mlima, kila nyuzi 10 zinakunyang'anya karibu asilimia 3 ya uzito wa hewa, na injini ikianza kugonga kompyuta inachelewesha cheche, nguvu inapungua, na wewe unakanyaga zaidi.

Halafu kuna moto, na hapa sitaki utani hata kidogo. Kwenye 1NZ ekzosi iko nyuma, kati ya injini na ukuta wa kabini, mahali usipopaona ukiwa umesimama mbele ya gari. Kipande cha pamba kikiteleza kikaangukia huko hutakiona. Manifoldi ya ekzosi inafika mamia ya nyuzi ukipanda mlima. Nyuzi za glasi zenyewe haziungui kirahisi, ila gundi inayozishika, gundi ya foili, na zaidi ya vyote oili iliyonyonywa humo, vinaungua. Injini nyingi za umri huo zinavuja kidogo kwenye gasketi ya kava la vali. Leo tone likidondoka linatoa harufu na moshi kidogo, linaisha. Ukiweka pamba, matone ya miezi yanakusanyika mahali pamoja karibu na chuma cha moto. Oili haihitaji cheche kuwaka, chuma chenye moto wa kutosha kinaiwasha. Ongeza na panya: sehemu yenye joto na pamba laini usiku wa baridi ni chumba ulichowaandalia, na wakishahamia wanaanza na nyaya. Na uzi mmoja ukinaswa na mkanda wa alternata, utaona mwenyewe jinsi unavyovuta na mwingine.

Vijana wa Subaru wanaofunga ekzosi kwa kitambaa wana hoja tofauti. Wao wanataka moshi ubaki na joto ili uzungushe tabo vizuri na usipashe vitu vya jirani. Hoja hiyo ina ukweli, ingawa kitambaa kinashika unyevu na bomba la chuma cha kawaida linaota kutu chini yake. IST yako haina tabo, kwa hiyo usiige.

Boksi mbele ya rejeta ndilo linalonitisha zaidi. Njombe mko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi yanachemka huko kwenye nyuzi 93 hivi. Kinachofanya maji ya rejeta yavumilie zaidi ya hapo ni kofia ya rejeta inayoshikilia presha. Kofia ikichoka, na kwenye gari la umri wa IST mara nyingi imechoka, nafasi kati ya joto la kawaida la kazi na kuchemka inakuwa finyu sana. Asubuhi mjini hutaona shida. Siku utakayosahau boksi hilo, ukashuka Dar es Salaam, kisha wakati wa kurudi ukatoka kwenye joto la Ruaha Mbuyuni na kuanza kupanda mlima Kitonga nyuma ya malori, gari litachemsha. Silinda hedi ya alumini ikichemshwa inapinda, gasketi inaungua, na bili yake itakula petroli ya mwaka mzima uliyodhani unaiokoa.

Sasa nifike kwenye wasiwasi wangu. Gari likichemsha mara moja katika maisha yake, mafundi wengi wa kwetu wanatoa thamostati na kuitupa. Wanasema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Ni desturi iliyoharibu injini nyingi, na kwa mtu wa Njombe, Makete au Mufindi ni hasara ya kila siku. Thamostati ndiyo inayozuia maji yasiende rejetani mpaka injini ipate moto. Ya 1NZ inaanza kufungua kati ya nyuzi 80 na 84, na inafunguka kabisa karibu na 95. Bila hiyo, tangu unapowasha, maji yanazunguka kwenye rejeta iliyopigwa na upepo wa nyuzi 8. Kwa kilomita nne injini haifiki hata karibu na joto lake. Kompyuta inaona maji ni baridi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada mpaka unapaki. Unaweza kufunga injini kwa mablanketi matano, joto litatokea rejetani tu.

Na kuitoa hakulindi dhidi ya kuchemsha kama wanavyodhani. Kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ina kisahani cha pili nyuma, ambacho ikifunguka kinaziba njia fupi ya maji ili yote yapite rejetani. Ikitolewa, njia fupi inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa. Matokeo ni injini inayochelewa kupata moto kwenye baridi, na inayokaribia kuchemka mapema mlimani.

Kuipima ni rahisi. Asubuhi kabla hujawasha, gusa mipira miwili ya rejeta, wa juu na wa chini, yote itakuwa baridi. Washa. Kwenye injini yako thamostati iko upande wa maji yanayoingia, kwa hiyo wa kuangalia ni mpira wa chini. Ikiwa thamostati ipo na ni nzima, mpira wa chini utabaki baridi kwa dakika kadhaa huku wa juu ukipata moto polepole. Ikiwa yote miwili inapanda moto pamoja tangu mwanzo, haimo, au imekwama ikiwa wazi. Weka mkono mbali na feni, inaweza kuanza yenyewe. Kama dashibodi yako ina taa ya bluu ya injini baridi, angalia pia inazima umefika wapi. Ikiwa unafika shuleni bado inawaka, jibu unalo. Fundi mwenye skana atakusomea joto la maji moja kwa moja.

Ukinunua mpya, ijaribu nyumbani kabla ya kufungwa. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, pasha taratibu ukiwa na kipimajoto. Huko kwenu maji yatachemka kabla haijafunguka kabisa, hilo lisikutishe, cha muhimu uone imeanza kufungua ilipotakiwa na imefunga tena ikipoa. Mwambie fundi kitundu chake cha kupitisha hewa kikae juu, aweke gasketi mpya ya mpira, na atoe hewa kwenye mfumo. Mbadilishe na kofia ya rejeta siku hiyo hiyo, na mtie kulanti (maji maalumu ya rejeta) badala ya maji ya bomba.

Fungua pia kifuniko cha oili juu ya injini, uangalie upande wake wa ndani. Ukikuta ute mweupe kama maziwa yaliyoganda, usikimbilie kudhani gasketi ya hedi imekufa. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Mengi yanatoka na moshi, kidogo kinapenya pembeni ya pistoni na kuingia kwenye oili. Oili isipopata moto wa kutosha, maji hayo hayakauki, yanaganda kwenye sehemu ya baridi, yaani kifuniko. Kama kiwango cha maji ya rejeta hakipungui na oili kwenye kijiti ni safi, ni dalili ya safari fupi na injini isiyopata moto. Kumbuka oili inapata moto polepole kuliko maji, kwa hiyo hata sindano ikikaa katikati oili inaweza kuwa bado. Ukiwa na shughuli Makambako, nenda na gari hilo, mwendo huo unaikausha.

Ukishamaliza thamostati, angalia oili unayowekewa. Gereji nyingi zinamwaga 20W-50, ambayo ni nzito zaidi, kwa kila gari. Kwa 1NZ fuata kitabu cha gari, na kwa baridi yenu 5W-30 yenye ubora itafika kwenye beringi mapema na kupunguza mzigo wa dakika za kwanza. Kisha inama uangalie chini ya injini. Kiwandani IST ina kava za plastiki chini ya bampa, na mafundi wakizifungua kubadilisha oili mara nyingi hawazirudishi, klipu zikivunjika ndiyo basi. Kava hizo zinazuia upepo wa baridi usipige tumbo la injini, na zimeundwa zikijua hewa ya kupoza ipite wapi. Ukitaka kufunika kitu, rudisha hizo. Kama boneti yako ina zulia lake la kiwandani kwa ndani, nalo lishikize vizuri.

Usiliache gari linaunguruma nyumbani kusubiri lipate moto. Subiri nusu dakika oili ipande, ondoka taratibu, usikanyage sana kwa kilomita mbili za kwanza. Injini inapata moto haraka ikifanya kazi, na gari linalounguruma limesimama linatembea kilomita sifuri kwa lita. Upepo wa tairi upime asubuhi, maana kila nyuzi 10 zikishuka tairi inapoteza karibu pauni mbili za presha. Shuleni paki pua ya gari ikiwa imeelekea ukuta au imeupa upepo mgongo. Na kama una mizunguko ya sokoni au benki, ifanye mara tu baada ya safari nyingine, injini ikiwa bado na joto, usiiache kwa ajili ya jioni.

Kama bado moyo unakutuma ufunike kitu, tandika blanketi zito la kawaida juu ya boneti iliyofungwa, kwa nje, gari likiwa limesimama shuleni. Halitaziba chochote cha moto, na huwezi kuondoka bila kuliona. Faida yake ni ndogo, ila halina hatari.

Kabla ya kubadilisha thamostati, jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita, tembea wiki mbili za shule, jaza tena kwenye pampu ile ile. Baada ya kubadilisha, rudia vivyo hivyo ratiba ikiwa ile ile. Niandikie hesabu zote mbili, na uniambie fundi alipofungua kasha la thamostati alikuta nini ndani.